Kijitabu cha bure cha WHO kwa wenye wasiwasi: kinafaa, ila si kwa kukisoma peke yako

Mwenye wasiwasi asiye na pesa ya mwanasaikolojia hushauriwa aombe, apumzike, aache kuwaza. Akiingia kwenye simu anakutana na programu ya bure ambayo baada ya siku saba inataka namba ya kadi ya benki. Katika vitu ambavyo ni bure kweli, mwanzo hadi mwisho, kuna kimoja kinachostahili kukaguliwa kwa makini: kijitabu cha picha cha Shirika la Afya Duniani, WHO, kilichotolewa mwaka 2020 kwa jina la Doing What Matters in Times of Stress. Kinapatikana kwenye tovuti yao kwa PDF pamoja na mazoezi ya sauti ya MP3. Hujisajili, huoni matangazo, na hakuna toleo la kulipia. Tafsiri zake ni nyingi, kwa hiyo pitia orodha ya lugha kabla hujapakua.

Kwa mtu mwenye wasiwasi wa kila siku unaotokana na maisha kubana, ni kizuri. Kwa anayepata mishtuko ya hofu ya ghafla, ni nusu ya anachohitaji. Kwa anayefikiria kujiua hakitoshi, na huyo aende hospitali leo, si baada ya kumaliza sura ya tano.

Tuanze na jambo ambalo wengi waliokipakua hawaambiwi. Kijitabu hiki ni kipande cha kifurushi kinachoitwa Self-Help Plus. Kifurushi kizima ni vikao 5 vya saa 2 kila kimoja, watu hadi 30 wamekaa pamoja wanasikiliza sauti iliyorekodiwa, na anayesimamia ni mtu wa kawaida aliyepewa mafunzo mafupi, si daktari. Kijitabu ni cha kwenda nacho nyumbani. Ndivyo kilivyojaribiwa kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwenye makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, kwa wanawake 694 kutoka Sudan Kusini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la The Lancet Global Health: msongo ulipungua zaidi kwa waliohudhuria vikao kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida, na tofauti hiyo ilikuwapo hata miezi 3 baadaye.

Kwa hiyo anayekisoma peke yake kitandani anakunywa dawa ileile kwa kipimo pungufu. Sababu si ngumu. Picha ni nyingi na maneno ni machache, mtu anakimaliza kwa jioni moja, kisha anasema "nimesoma, hakijanisaidia". Amesoma maelekezo ya mazoezi, mazoezi yenyewe hajayafanya. Kwenye kikao sauti inasema simama, fanya, na kila mtu anafanya.

Kuunda kikao chenu hakugharimu kitu. Watu wanne hadi sita wanatosha: wenzako wa chama au kikoba, kinamama wa jumuiya, vijana wa kijiwe kimoja wanaoaminiana. Sura moja kwa wiki, siku na saa ileile. Simu moja yenye zile MP3, na kama hakuna spika, ilaze ndani ya bakuli la bati, sauti itawafikia. Kanuni moja msiivunje: hakuna anayelazimishwa kusimulia shida zake. Kifurushi cha WHO kimejengwa hivyo makusudi, na mtaani kwetu kanuni hiyo ina thamani ya ziada, maana kikundi kinachogeuka baraza la siri za watu hufa wiki ya pili. Mnaulizana mambo mawili tu: zoezi gani umefanya, na lilikwama wapi.

Kama data ni shida, mmoja apakue, wengine wapokee kwa Bluetooth. Kuchapa kunaruhusiwa, kwani leseni yake inakubali kunakili na kugawa ilimradi hufanyi biashara. Mwambie mtu wa stationery aweke kurasa mbili kila upande, mbele na nyuma, bila rangi. Zinatoka karatasi zisizofika 40, na picha bado zinaonekana vizuri.

Sasa yaliyomo. Zana ni tano, na uzito wao haulingani.

Ya kwanza ni kutia nanga, na ndiyo inayobeba nyingine zote. Hatua zake: tambua unavyojisikia na unachowaza, punguza mwendo kwa kukandamiza nyayo sakafuni taratibu, kunyoosha mikono, kupumua polepole, kisha rudi kwenye mazingira yako, unaona nini, unasikia nini, unanusa nini, unagusa nini, uko na nani, ulikuwa unafanya nini. Dakika mbili hadi tano zinatosha.

Kosa linaloiharibu zana hii ni kuifanya dawa ya kufukuzia wasiwasi. Mtu anakandamiza nyayo, anajikagua kama moyo umetulia, anaona bado, anakandamiza tena kwa hasira. Kila ukaguzi unauambia mwili kwamba hatari ipo, na moyo unaongeza kasi. Kijitabu chenyewe kinasema wazi, kwa picha ya dhoruba, kwamba nanga haiondoi dhoruba. Inakushikilia usisombwe hadi ipite. Kipimo cha mafanikio ni swali hili: nimeweza kurudi kwenye kazi niliyokuwa naifanya? Kama umerudi kukata vitunguu huku moyo bado unadunda, umefaulu.

Kosa la pili ni kuanza kujifunza siku ya dhoruba. Fanya mara tatu kwa siku ukiwa umetulia, na uifunge kwenye jambo ambalo lazima ulifanye: ukisubiri maji yachemke, ukipanda daladala, ukilala. Baada ya wiki mbili hivi mwili unaijua njia bila kufikiri.

Kuhusu kupumua kijitabu hakitoi maelezo ya kutosha, na hapa ndipo wengi wanajiumiza. Ukimwambia mtu mwenye hofu "vuta pumzi ndefu", anavuta kwa kifua, nyingi, haraka haraka. Kabondayoksaidi inapungua kwenye damu, anapata kizunguzungu, ganzi ya vidole na kuzunguka mdomo, anaamini anakufa. Kinachotuliza ni pumzi ya kutoka kuwa ndefu kuliko ya kuingia. Ingiza kwa pua ukihesabu hadi 4, bila kujaza kifua, toa ukihesabu hadi 6, kwa dakika 5. Hizo ni pumzi 6 hivi kwa dakika. Ukipata kizunguzungu unavuta hewa nyingi mno. Punguza ujazo, hesabu ibaki ileile. Wanaosali wana njia nyepesi zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 katika jarida la BMJ ulionyesha kwamba kusali rozari kwa Kilatini hushusha pumzi hadi karibu 6 kwa dakika. Dhikri inayosomwa taratibu, kila kifungu kwenye pumzi moja ya kutoka, inaweza kukufikisha hapohapo.

Zana ya pili ni kunasuka. Wazo linapokunasa kama ndoano, unagundua kwamba limekunasa, unalitaja kimoyomoyo ("hili ni wazo la kwamba nitafukuzwa kazi"), kisha unarudi kwa makini kwenye unachofanya. Sentensi moja, basi. Ukianza kubishana na wazo au kulitafutia ushahidi, umenaswa tena, safari hii kwa ndoano uliyoitega mwenyewe.

Hapa tuna lawama. Sura hii inaweza kusomeka kana kwamba kila wazo la hofu ni kelele tu. Kodi inayodaiwa Ijumaa si kelele. Kabla ya kulitaja wazo na kuliacha, jiulize: kuna kitu ninachoweza kukifanya ndani ya saa 24? Kama kipo, kiandike kwenye karatasi pamoja na saa utakayokifanya, ndipo unasuke. Kama hakipo, nasuka tu.

Nafuu ni kwamba sura ya tatu inaziba pengo hilo, na kwetu sisi ndiyo sura bora kuliko zote. Inahusu kutenda kulingana na unachokithamini, na inatoa njia tatu mbele ya hali yoyote ngumu: kuondoka, kubadilisha kinachobadilika na kuukubali uchungu wa kisichobadilika huku ukiishi kwa maadili yako, au kukata tamaa na kuyapa mgongo maadili hayo. Chukua hiyo kodi. Kuondoka ni kuhamia chumba cha bei ya chini. Kubadilisha ni kumfuata mwenye nyumba kabla ya tarehe, ukiwa na nusu mkononi na siku ya kumalizia. Njia ya tatu tunaijua sote: kuzima simu, kurudi usiku mlango wa nyuma, kuwatuma watoto waseme baba hayupo. Njia hiyo inatoa nafuu siku hiyo, na ndiyo inayoukuza wasiwasi kuliko nyingine yoyote, kwa sababu mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa, na kesho unaogopa hata mlio wa simu.

Zoezi lake ni kuchagua tendo moja dogo la wiki. Liwe dogo kiasi cha kuchekesha, na liwe na saa na mahali. "Nitakuwa karibu na wanangu" halifanyiki. "Jumanne saa kumi na mbili jioni nitakaa na Juma dakika 10 akisoma, simu iko chumbani" linafanyika. Likishindikana mara mbili, tatizo si wewe, tendo ni kubwa, likate nusu.

Zana ya nne, kujitendea wema, ndiyo inayochekwa kwenye vikundi, hasa vya wanaume. Unaweka mkono mahali panapouma na kujisemesha kwa upole. Anayeona haya aanze na nusu ya pili ya sura, wema kwa mtu mwingine, kwa jambo dogo. Hatuoni sababu ya kugombana juu yake. Ipiteni kwa kikao kimoja msonge mbele.

Ya tano ni kuipa hisia nafasi badala ya kuisukuma. Unaitazama ilipo mwilini, ukubwa wake, umbo, joto lake, unaitaja, unapumua kuizunguka, unaiacha ije na kuondoka kama hali ya hewa. Ni zana yenye nguvu, na ndiyo yenye hatari ndogo ambayo haikusisitizwa vya kutosha. Mtu ambaye hofu yake ni moyo wenyewe, anayehesabu mapigo mara ishirini kwa siku, akiambiwa autazame moyo atazidiwa. Huyo aanze na hisia nyepesi, kama muwasho au uchovu wa miguu, dakika 2 tu. Na aliyewahi kubakwa, kupigwa au kunusurika ajali afanye macho yakiwa wazi, miguu sakafuni. Akifumba macho picha zinaweza kurudi. Zikirudi, aache, atie nanga, na zana hii aiweke kando mpaka apate mtu wa kumsaidia.

Kilichokosekana kabisa ni mazoezi ya kukaribia kile unachokiogopa kwa hatua. Kwa wenye mishtuko ya hofu, woga wa vyombo vya usafiri au woga wa watu, hicho ndicho kiini cha tiba ambayo mwanasaikolojia angekulipisha. Kinaweza kufanywa bila yeye hivi. Andika hali 6 hadi 8 unazozikwepa, kila moja uipe alama ya hofu kutoka 0 hadi 10, zipange kutoka ndogo. Mfano wa anayeogopa matatu au daladala: kusimama kituoni dakika 15 bila kupanda (3), kukaa ndani ya gari tupu stendi (4), kwenda kituo kimoja mchana gari likiwa halijajaa, na mwenzako (5), safari hiyohiyo peke yako (6), vituo vitano (7), asubuhi watu wamebanana (9). Anza na ya 3 au 4. Kaa humo mpaka hofu ishuke karibu nusu, mara nyingi dakika 20 hadi 40. Safari ikiwa fupi kuliko hapo, irudie papo hapo. Rudia karibu kila siku mpaka hatua ichoshe, ndipo upande inayofuata.

Yanayovuruga ngazi hii ni mawili. Moja ni kushuka hofu ikiwa kileleni, maana hapo umejifunza kwamba kushuka ndiko kulikokuponya. La pili ni vikinga vidogo: kukaa mlangoni daima, kushika chupa ya maji, kupiga simu njia nzima. Hatua za kwanza viruhusu, kisha viondoe kimoja kimoja. Usipoviondoa, akili itavipa sifa ya kukuokoa. Ujue pia kwamba mshtuko wa hofu kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10 kisha unashuka wenyewe. Lakini maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au kwenye taya, kuzimia, au mapigo ya ajabu yanayoanza kwa mara ya kwanza ukubwani hayapewi jina la wasiwasi kabla ya kupimwa.

Na kabla ya sura ya kwanza, angalia unachokula na kunywa. Kahawa, chai kali na vinywaji vya nguvu vina kafeini, na kopo la mililita 250 la kinywaji cha nguvu lina kama miligramu 80. Baada ya saa tano hivi nusu yake bado iko mwilini, kwa hiyo cha saa kumi jioni kinakukesha. Punguza kidogo kidogo kwa wiki moja, usikate ghafla, kichwa kitauma. Miraa inasisimua mwili kwa njia inayofanana sana na hofu, na siku inayofuata inaacha uzito wa moyo. Dawa nazo zimo: pampu ya pumu ya salbutamoli hudundisha moyo, mefloquine ya kuzuia malaria inaweza kuleta wasiwasi mkali, na efavirenz inayotumiwa na baadhi ya wenye VVU inaweza kuleta ndoto nzito na hofu. Usiziache mwenyewe, mwambie aliyekuandikia. Upungufu wa damu na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi pia hujificha nyuma ya sura ya wasiwasi, na kipimo cha wingi wa damu ni cha bei ndogo kwenye zahanati nyingi.

Duka la dawa ndilo mshindani mkuu wa kijitabu hiki, na lazima lisemwe. Diazepamu, ambayo wengi wanaijua kama Valium, inatuliza ndani ya nusu saa, ndiyo maana inauzwa kichinichini. Ikitumiwa kila siku kwa wiki chache tu mwili unaizoea. Ukiikata ghafla wasiwasi unarudi kwa nguvu zaidi, usingizi unapotea, na wengine hupata degedege. Ikichanganywa na pombe au tramadoli, dawa kali ya maumivu, inaweza kusimamisha pumzi. Propranololi inashusha mapigo ya moyo bila kugusa mawazo, na kwa mwenye pumu ni hatari. Aliyekwisha kuzoea diazepamu asome kijitabu huku akipunguziwa dozi na mhudumu wa afya kwa wiki nyingi, asijaribu kujikatia.

Kwa ulinganisho mfupi: kuna kifurushi kingine cha WHO, Problem Management Plus, vikao 5 vya dakika 90 vinavyoendeshwa na mhudumu wa kawaida aliyefunzwa, ambacho kilifanyiwa utafiti Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili. Zimbabwe wana Friendship Bench, benchi la nje ya zahanati ambapo mama mtu mzima aliyefunzwa anakusikiliza na kukusaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Mpango huo umefika mpaka Zanzibar. Ukipata mojawapo karibu, nenda huko kwanza. Mtu aliye hai anayekuuliza "wiki hii umefanya nini?" anashinda PDF yoyote.

Kupima kama kinakusaidia, usitegemee hisia za siku. Tumia dodoso la kupima wasiwasi liitwalo GAD-7, ambalo halilipiwi. Toleo lake la Kiswahili lilipimwa Kilifi, Kenya, kwa watu wazima wanaoishi na VVU, utafiti ukatoka mwaka 2020, na likaonekana linaaminika. Lina maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita: hofu, kushindwa kuzuia wasiwasi, kuwaza mno mambo mbalimbali, kushindwa kupumzika, kuhangaika hadi kukaa kunashindikana, kuudhika upesi, na kuogopa kana kwamba baya litatokea. Kila swali lina alama 0 hadi 3: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku. Jumla kuanzia 5 ni wasiwasi mdogo, kuanzia 10 wa kati, kuanzia 15 mkali. Jaza kabla ya kuanza, kisha kila baada ya wiki 2, na andika tarehe.

Ukianza na 8 ukafika 4 baada ya wiki sita, endelea na kutia nanga na tendo la wiki, mengine yapumzike. Ukibaki juu ya 10 baada ya wiki sita za mazoezi ya kweli, au ukianza na 15, usikirudie kijitabu tangu mwanzo. Nenda kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya serikali iliyo karibu, ambako gharama huwa chini sana kuliko kwa mtaalamu binafsi, na uende na karatasi zako zote za GAD-7 pamoja na orodha ya dawa unazotumia. Mhudumu mwenye foleni ndefu ataelewa zaidi kwa karatasi hizo kuliko kwa maelezo ya dakika tano. Mawazo ya kujiua yakikujia wakati wowote, usisubiri siku ya kliniki: nenda idara ya dharura na mtu unayemwamini. Kwa walio Kenya, namba 1199 ya Msalaba Mwekundu inapigwa bila malipo.